Bado Si Bunduki

Watu wa pwani hawakuona tabu kulipa tunda moja majina mengi. Mnazi ukishaweka kuna kidaka, kikikua ni kitale, halafu dafu, halafu koroma, halafu nazi, na nazi ikikaukia ndani ya kifuu chake huitwa mbata. Hakuna mpishi atakayekuna koroma kwa matumaini ya kupata tui zito, wala mwungwana atakayemkaribisha mgeni kwa mbata ili anywe maji yake. Mpunga nao ukikobolewa ni mchele, mchele ukipikwa ni wali, na mtoto wa darasa la kwanza hakosei.

Lakini tukifika kwenye vitu ambavyo binadamu anavitengeneza kwa mikono yake, lugha huanza ubahili. Nenda kwa seremala uliyempa kazi ya kiti. Atakuonyesha miguu miwili na ubao wenye alama za penseli, na atakuambia bila kuona haya, "Kiti chako hiki hapa." Nawe utakubali, ingawa ukikikalia utaanguka. Katika ujenzi tu ndipo tulipojitahidi kidogo. Nyumba iliyosimama kuta bila paa tunaiita pagale, na darasa lililojengwa kwa nguvu za wanakijiji likaishia kwenye lenta tunaliita boma. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mkaguzi mmoja aliandika katika ripoti yake kwamba shule yangu ina madarasa saba na boma moja. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikasirika sana. Kwake yeye yalikuwa madarasa manane, maana matofali ya lile la nane aliyabeba mkewe kichwani.

Iko nchi moja ambako ubishi wa namna hii ulipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ukafika mahakama ya juu kabisa. Nchi hiyo ni Marekani, na kilichobishaniwa kilikuwa bunduki.

Ili msomaji anielewe, nieleze kwanza kitu chenyewe. Bunduki iitwayo AR-15 ilibuniwa katika miaka ya 1950 na kampuni ya ArmaLite, ambako Eugene Stoner alikuwa mhandisi, na mwaka 1959 kampuni hiyo iliuza haki za ubunifu wake kwa Colt. Ni bunduki ya vipande. Mtutu unatoka, kitako kinatoka, kila kitu kinafunguliwa na kubadilishwa kama baiskeli. Sasa serikali inayotaka kuandikisha bunduki itaandikisha kipande kipi? Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 iliuchagua ule mwili unaoshikilia vipande vingine, ambao wao huuita risiva. Katika AR-15, sehemu ya chini ya mwili huo, ile inayokaa kifyatuo, ndiyo bunduki machoni pa sheria ya shirikisho. Ndiyo inayopigwa namba kiwandani. Mtutu mtu aliweza kuuagiza kwa posta kama anavyoagiza viatu.

Wafanyabiashara wakauliza swali ambalo mwanafunzi mjanja angeuliza. Na risiva ambayo haijamalizika, je? Kwa miaka mingi idara ya serikali inayosimamia silaha, ATF, ilijibu kwamba kipande ambacho sehemu yake ya ndani haijachongwa bado ni chuma tu. Basi vikaanza kuuzwa vipande vya alumini ambavyo kwa nje vimekwisha na kwa ndani vimeziba, bila namba wala fomu, mnunuzi amalizie mwenyewe nyumbani. Wakaviita vya asilimia 80. Jina hilo ni la wauzaji. Halimo katika sheria, na idara yenyewe ilisema hailitambui. Mimi niliyesahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini najua asilimia 80 hupatikanaje: kuna maswali, kuna alama za kila swali, kuna jumla. Hapa hapakuwa na jumla. Palikuwa na uamuzi tu kwamba kazi iliyobaki ni ya kutosha kumfanya mtu aitwe mtengenezaji.

Wala kutengeneza hakukukatazwa. Kwa sheria ya shirikisho, mtu asiye na zuio la kumiliki silaha aliweza kujitengenezea bunduki kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni na bila kuipa namba, ilimradi hafanyi biashara.

Mwaka 2017 nilikwenda jimbo la Ohio kumtazama binti yangu na mumewe, na mjukuu ambaye nilikuwa sijamwona. Jirani yao alikuwa mzee wa rika langu, mjane, fundi mitambo aliyestaafu baada ya kufanya kazi kiwandani miaka arobaini. Aliposikia kwamba nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kazi za mikono, na kwamba baadaye nami niliwafundisha vijana kutumia tupa na randa, alinialika gerejini kwake kama mtu anayemwalika mwenziwe msikitini au kanisani.

Ilikuwa gereji ya kutamanisha. Kila chombo kilining'inia ukutani mahali pake, na nyuma ya kila chombo palichorwa umbo lake kwa rangi nyeusi, ili kikikosekana pengo lipige kelele. Hivyo ndivyo nilivyofanya katika karakana ya shule yangu, na walimu vijana walinicheka. Nilimwambia. Akanishika bega.

Juu ya meza, ndani ya jiliwa, kilikaa kile kipande. Rangi yake kijivu, ukubwa wake wa kiganja na nusu, na chepesi kuliko jicho linavyotarajia, maana alumini hudanganya. Kwa nje mtu angeapa kwamba kimekwisha. Kwa ndani, mahali ambapo kifyatuo kingekaa, palikuwa pameziba kama tofali.

Sitaeleza alivyokimaliza, kwanza kwa sababu si kazi ya kitabu hiki, na pili kwa sababu kilichonivutia kilikuwa mtu mwenyewe. Alikuwa akipima, anaandika kwenye kijidaftari, anapima tena, anatembea hadi mlangoni kutazama barabara, anarudi na kupima mara ya tatu. Kukata kwenyewe kulichukua muda mdogo. Vinyuzi vya alumini vilianguka sakafuni vinang'aa, harufu ya mafuta ikajaa, naye uso wake ukatulia. Nimeuona utulivu huo kwa vijana wachache sana, wale ambao ukiwapa kipande cha chuma na tupa wanasahau kengele ya chakula. Haufundishiki. Unachoweza ni kuutambua na kutomsumbua mwenye nao.

Nilimwuliza kwa nini hakuchagua kutengeneza kitu kingine, mathalani saa ya ukutani.

"Saa nimetengeneza nne," alisema. "Watoto wamekataa ya tano."

Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Siku zake zilikuwa ndefu, na kazi hii ilikuwa na hesabu nzuri: si rahisi ikachosha, si ngumu ikakatisha tamaa. Wastaafu wenzangu watanielewa. Kitu kinachobakiza kiasi cha kazi kinachomtosha mzee mmoja kwa majuma machache ni kitu adimu, na anayekiuza anajua anachokifanya.

Siku moja kabla ya mwisho alinigeukia akaniachia mpini wa mashine. "Mwalimu, shika wewe." Kisha akaurudisha mkono wake upesi. Alikumbuka kwamba ruhusa ya sheria ni ya mtu kujitengenezea. Mkono wa pili ungeleta maswali. Halafu akakumbuka jambo jingine, akalicheka mwenyewe kabla hajaniambia. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi kama mimi hakuruhusiwa na sheria ya shirikisho kushika bunduki, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile kuwa na leseni ya kuwinda. Akakifungua kile kipande kutoka kwenye jiliwa, akakiweka kiganjani mwangu.

"Leo unaweza kukishika," alisema. "Kesho jioni ukikishika, tutakuwa wahalifu wawili."

Nilikigeuza. Nikakirudisha. Kesho yake jioni nilisimama palepale nimefunga mikono nyuma, kama nilivyokuwa nikisimama mstarini asubuhi, nikitazama fundi akifuta mafuta kwa kitambaa. Hakuna kengele iliyolia. Ndege walikuwa wakilia, mkwe wangu alikuwa akikata majani upande wa pili wa ua, na mahali fulani kati ya mzunguko mmoja wa mashine na mwingine, kitu nilichokishika jana kilikuwa kimegeuka kitu kisichoshikika. Fundi mwenyewe asingeweza kukuonyesha ni mzunguko upi.

Ndipo nilipomwuliza ataandika wapi namba.

Alisema haina haja, na alilisema kwa fahari. Hapa ndipo tulipoachana njia mimi na yeye, kwa heshima zote, na ubishi wetu ulichukua jioni tatu.

Mimi ni mtu wa leja. Shule yangu ilikuwa na majembe na mapanga ya kilimo cha Elimu ya Kujitegemea, na kila kimoja kilikuwa na namba ya rangi nyekundu kwenye mpini. Mwaka mmoja lilitokea pigano kilabuni, mtu akakatwa mkono, na panga lililookotwa lilikuwa na namba yetu. Askari alikuja ofisini kwangu kabla ya saa nne. Nilifungua leja: darasa fulani, kiranja fulani, tarehe aliyolitoa, na mahali pa kulirudisha pakiwa patupu. Tulimfikia kiranja, kiranja alitufikisha kwa mjomba wake, mjomba akatufikisha kwa mwenye kosa. Kama si namba ile, kijiji kizima kingeshukiana hadi leo. Sikuiona namba kama tusi kwa kiranja. Ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu ilionyesha jinsi panga lilivyomtoka.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema panga lile lilikuwa la shule, na shule ina haki ya kuandika vitu vyake. Bunduki hii ni yake. Je, mimi kiti nilichojichongea nyumbani nimekipiga namba? Akaniletea kitabu chenye picha za bunduki ndefu za Pennsylvania, zilizotengenezwa katika karne ya 18 na mafundi wenye asili ya Ujerumani, nyingine kabla nchi yao haijapata serikali yake. Watu wake, alisema, walikuwa wakitengeneza silaha kabla hapajawa na mtu wa kuwaomba ruhusa. Namba ni mlango ambao siku moja serikali itaubisha.

Nilitazama zile picha kwa makini, maana zilikuwa kazi nzuri sana. Nikamwonyesha jambo. Juu ya mitutu kadhaa fundi alikuwa amechora jina lake.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Hao walikuwa wanauza."

Lilikuwa jibu zuri, na sijapata la kuliangusha. Anayeuza hutia sahihi ili asifiwe na, kikiharibika, ashtakiwe. Anayejitengenezea hana wa kumsifu wala wa kumshtaki. Lakini hapo ndipo wasiwasi wangu unapokaa. Kiti changu hakina namba kwa sababu kiti hakitembei. Kikimwumiza mtu, kitamwumiza sebuleni kwangu, na kila mtu atajua ni cha nani.

Bunduki zisizo na namba zilitembea. Mwaka 2013, mjini Santa Monica katika California, kijana ambaye miaka miwili kabla alikataliwa na idara ya sheria ya jimbo hilo kununua silaha alijiundia bunduki ya aina hiihii kwa vipande, akaua watu watano. Kila fomu iliyowekwa ili kumzuia ilifanya kazi yake. Yeye alipita upande usio na fomu. Mwaka 2018 California ilianza kumtaka anayetengeneza silaha nyumbani aombe kwanza namba. Novemba 2019, katika shule ya sekondari ya Saugus, mjini Santa Clarita katika jimbo hilohilo, mvulana wa miaka 16 aliwaua wanafunzi wenzake wawili kwa bastola iliyoundwa kwa vipande bila namba, kisha akajipiga mwenyewe. Habari hiyo niliisikia nikiwa nyumbani kwangu. Mtu aliyepata kusimama mbele ya mstari wa wanafunzi mia sita kila asubuhi haisikilizi kama habari ya mbali, na usiku ule sikuiwaza AR-15 wala sheria ya 1968. Niliwaza mwalimu wa zamu.

Mzee wa Ohio hakuwa na uhusiano wowote na mambo hayo. Alipita njia ileile kwa nia njema, na mlango uliomruhusu yeye haukuweza kuwatofautisha wapitaji. Hilo alilikubali. Alichokataa ni kwamba yeye afungiwe kwa sababu yao. Mwalimu yeyote aliyewahi kuadhibu darasa zima kwa kosa la mtu mmoja anajua uzito wa hoja hiyo.

Aprili 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kanuni mpya, ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti mwaka huo. Kanuni ilisema kwamba kitu kinachoweza kugeuzwa kwa urahisi kuwa bunduki kihesabiwe bunduki, na ikavigusa vifurushi vyenye vipande vyote kwa pamoja. Kwa habari ya kipande kama kile cha gerejini ilileta jambo la ajabu kidogo: kikiuzwa peke yake, ndani hakijachongwa wala kutiwa alama, bado si risiva, kikiuzwa pamoja na kiolezo na maelekezo ya kukimalizia, chaweza kuhesabiwa risiva. Alumini ni ileile. Kilichobadilika ni kitu kilichowekwa kando yake ndani ya boksi. Nilidhani nitacheka, kisha nikakumbuka kwamba koroma na nazi nazo hazitengwi kwa ganda bali kwa kazi unayoweza kuzifanyia.

Kanuni ilipingwa, jaji mmoja wa Texas akaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairuhusu iendelee kutumika wakati kesi ikingoja. Tarehe 26 Machi 2025 mahakama hiyo iliithibitisha kwa kura saba dhidi ya mbili. Hukumu iliandikwa na Jaji Neil Gorsuch, na sehemu yake kubwa, niliposimuliwa na binti yangu kisha nikaisoma mwenyewe, ilikuwa somo la sarufi. Jaji alisema kwamba majina ya vitu vinavyotengenezwa na watu mara nyingi huvitaja hata kabla havijakamilika. Mwandishi akikupa muswada wake ambao hajaumaliza atauita riwaya yake. Mtu aliyenunua meza ya kuunganisha ataiita meza ingawa ipo ndani ya boksi. Nilimkumbuka seremala na miguu yake miwili ya kiti. Nilimkumbuka pia mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye angeifurahia hukumu hiyo kuliko mkaguzi. Majaji wawili waliopinga, Thomas na Alito, wangeandika madarasa saba.

Jirani hakuishi kuiona. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 2024, usingizini, na binti yangu alinipigia simu jioni ileile.

Baada ya majuma machache alipiga tena. Binti wa marehemu alikuwa amekuja kutoka jimbo jingine kufunga nyumba. Alikuwa muuguzi, na hakuwa mtu wa bunduki. Ndani ya kabati la chuma alikuta tatu. Mbili zilikuwa na namba na stakabadhi za dukani ndani ya bahasha, kwa mwandiko wa baba yake, tarehe na bei. Ya tatu haikuwa na chochote. Aliigeuza kila upande akitafuta. Hakujua ilitoka wapi, kama ni halali, kama iliwahi kuwa ya mtu mwingine, na kwa nini baba yake, mtu aliyetunza hata stakabadhi za misumari, aliiacha hii bila karatasi. Alipata hofu, akaenda kugonga kwa jirani kuuliza kama wanajua lolote. Binti yangu akamwambia, "Baba yangu alimwona akiitengeneza."

Basi nikatakiwa kutoa ushahidi kwa simu, saa tano za usiku kwetu, kwa mwanamke ambaye sikupata kumwona. Nilimweleza gereji, jiliwa, kijidaftari cha vipimo. Aliniuliza kama baba yake alikuwa na furaha siku zile. Nilimwambia ndiyo. Akasema amekiona kijidaftari, alidhani ni hesabu za saa.

Alikuwa na haki ya kuirithi na kuiweka ilivyo. Hakuitaka nyumbani, alikuwa na wavulana wawili. Akamwita muuza silaha mwenye leseni. Yule alinunua zile mbili, na kuhusu ya tatu akamweleza kwamba anaweza kuichukua, lakini kwa kanuni ya 2022 akishaiingiza katika daftari lake hana budi kuipiga namba ndani ya siku saba. Mwanamke aliuliza kama anaweza kuchagua namba hiyo. Kulikuwa na tarehe aliyoifikiria. Mwuzaji alisema haiwezekani. Namba itaanza na tarakimu za leseni yake yeye mwuzaji, halafu kistari, halafu namba inayofuata katika daftari.

Aliniuliza mimi naonaje. Nilimwambia hilo ni lake kuamua. Siku ya Jumamosi mwuzaji alikuja na gari akazichukua zote tatu, na kijidaftari kikabaki kwa binti.